Mnunuzi kashusha milioni 16 kalamu ikiwa mkononi. Nisaini au nimwache?

DerevaMstaafu

Wakuu, habari za jioni. Najua humu kuna waliowahi kuuza nyumba Dar, na madalali mmo pia. Leo nawahitaji wote.

Nina nyumba Kimara Temboni, ndani ndani kutoka Barabara ya Morogoro. Vyumba vitatu, sebule, jiko, choo cha ndani na cha nje, ukuta wa tofali kuzunguka, hati ipo kwa jina langu. Niliijenga nikiwa njiani Dar–Mbeya, tangu stendi ikiwa Ubungo. Nikipata posho nanunua saruji, nikikosa nyumba inasimama, mpaka tukafika kwenye bati. Sasa nimeshuka kwenye usukani, mgongo umegoma, na mama watoto anataka turudi kwetu Mbeya. Tumepata nyumba Uyole, ina fremu mbili mbele na mashine ya kusaga. Mwenyewe anahamia kwa mwanawe. Tumeshampa sehemu ya hela, iliyobaki anaitaka mwisho wa mwezi huu.

Hii ya Kimara tulikubaliana na mnunuzi milioni 95. Alikuja na mkewe, akarudi na fundi, akarudi tena na kaka yake. Fundi alipanda mpaka darini. Upekuzi wa hati ukafanyika ardhi, ikatoka safi, haina rehani wala zuio. Mthamini akapima, tathmini ikasoma 92. Tukapeana mikono, dalali akafurahi kuliko mimi.

Juzi tukaenda kwa wakili kusaini. Mkataba umeshachapwa, bei imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Mama watoto ameshavaa miwani asaini ridhaa ya mwenza. Wakili ameshafungua kidau cha wino wa muhuri. Jamaa akashika kalamu, akaizungusha vidoleni, akailaza juu ya mkataba. "Mzee, kuna jambo dogo. Mimi nina 79."

Nikadhani sijasikia. Akarudia. Sababu zake tatu: kuna ufa ukutani chumba cha watoto, karo la choo ni la zamani, na anaogopa hifadhi ya barabara, ule ukanda wa pembeni usioruhusiwa kujengwa, kwa sababu anaikumbuka bomoabomoa ya 2017. Ufa aliuona siku ya kwanza, hata kidole alipitisha. Karo fundi wake alilifunua. Na barabara, yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kufanya upekuzi!

Nikamgeukia dalali. Macho kwenye simu. Baadaye ndiyo akatoa sauti: "Mzee, hiyo ni hela ya mkononi, wanunuzi siku hizi hakuna." Mama watoto akavua miwani, akaitia kwenye pochi, akafunga zipu. "Baba Neema, twende nyumbani." Tukaondoka.

Tangu hapo simu ni yeye na dalali kwa zamu. Wananiambia mwisho Jumatatu, baada ya hapo jamaa anakwenda kununua Goba. Usingizi sina. Miaka yangu yote barabarani nimeona abiria wa kila aina, lakini huyu ni yule aliyekubali nauli Ubungo, mkifika Mikumi anakwambia anayo nusu na huwezi kumshusha porini usiku.

Naomba mnisaidie. Nichukue hiyo 79? Naweza kumshitaki? Na waliopitia haya, mlifanyaje mpaka mkaweza kukaa mkafikiri? Dalali huyu tunasali naye jumuiya moja, na sasa hivi hata nikiisikia sauti yake nje nahisi kichwa kinapasuka.

---

kijana_wa_Goba

Mzee chukua 79 ukale maparachichi Tukuyu. Mjomba wangu aliikataa 60, nyumba yake mpaka leo ina bango "INAUZWA" na popo wamehamia.

---

ZamaniDalali

Shikamoo mzee. Kazi hiyo nimeifanya Tabata na Kinyerezi kabla sijaiacha, kwa hiyo nitakwambia kama kilivyo.

Huo ufa usiuwazie kabisa. Mnunuzi anayeogopa ufa anashusha bei siku aliyouona. Anayenyamaza mpaka siku ya wakili, ufa alikuwa ameuweka akiba. Jiulize jambo moja tu: nani alimwambia habari za Uyole? Maana bei yako hakuiondoa kwenye ukuta, ameiondoa kwenye tarehe yako. Anajua mwisho wa mwezi una deni, na Jumatatu aliyokupa ameipanga makusudi ili usipate nafasi ya kutafuta mtu mwingine.

Sasa kuhusu dalali. Kwa kawaida tulikuwa tunaishi kwa cha juu: mwenye nyumba anataka 90, unamtajia mnunuzi 97, ile saba yako. Kwako bei ilikuwa wazi mbele ya wakili, kwa hiyo cha juu hana. Kinachobaki ni asilimia yake kutoka kwako, na wakati mwingine mnunuzi anamwahidi kitu kwa kila milioni atakayoisaidia kushuka. Sisemi huyu wako kafanya hivyo, simjui. Usimrukie na kumtukana, hasa kama mnasali pamoja.

Ila mpime. Kwanza piga simu Uyole wewe mwenyewe, omba muda. Ukipewa, mwambie dalali peke yake, na kwa kupitapita tu, usiifanye habari kubwa. Halafu kaa kimya uone itamchukua mnunuzi muda gani kukupigia.

Na hiyo Goba, mzee, kila mnunuzi ana Goba yake. Niliwahi kuwapeleka watu "Goba" ambayo hata kiwanja hakikuwepo.

---

kijana_wa_Goba

Sasa Goba tumekosa nini jamani 😂

---

MamaHesabu

Baba Neema pole, na mama umpe pole yangu. Kufunga ile zipu kulikuwa na akili kuliko hoja zote za humu.

Mimi kazi yangu ni vitabu vya hesabu, naomba nikuwekee mezani kinachoingia mfukoni kwako, kwa sababu mnabishania 95 na 79 wakati wewe hutashika yoyote kati ya hizo.

Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, yaani wewe. Kama una risiti za ujenzi, ni asilimia 10 ya faida. Kwa mlivyojenga, risiti nadhani zilikwisha kuliwa na mchwa. Tangu mabadiliko ya 2023, mtu binafsi asiye na kumbukumbu za gharama analipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyopitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, ile iliyo kubwa. Msamaha upo kwa nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu au zaidi, lakini faida isizidi milioni 15, kwa hiyo kwako nauona mbali.

Angalia sasa. Ukiuza 95, kodi ni 2,850,000. Dalali tuseme asilimia 5, ni 4,750,000. Unabaki na 87,400,000.

Ukiuza 79, kodi haishuki na bei, maana tathmini yako ni 92 na ndiyo kubwa. Ni 2,760,000, karibu ile ile. Dalali 3,950,000. Unabaki na 72,290,000. Kwa hiyo jamaa anachukua milioni 16 kwako, na serikali haikusaidii kubeba hata elfu ishirini kwa kila milioni. Akija na lugha ya "tuandike bei ndogo kwenye mkataba tupunguze kodi", mkatae hapo hapo. Ni kosa, na tena haimsaidii, ushuru wa stempu wa upande wake nao unaangalia thamani.

Kitu kingine: kaa na mama leo usiku, bila simu, mwandike namba moja kwenye karatasi. Namba ambayo chini yake hamuuzi, hata akija analia. Anza na deni la Uyole, ongeza lori, ongeza miezi michache ya kula kabla mashine haijaanza kuleta. Ikitoka 75 mkononi, utajua 79 haikufikishi popote. Ikitoka 60, basi 79 ni biashara mbaya lakini si msiba, na utalala. Kinachomnyima mtu usingizi ni kubishana na mtu mwingine huku mwenyewe hujui unasimama wapi.

---

KaraniMstaafu

Kuhusu kushitaki. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi. Mlipeana mikono, hamkusaini, hakutoa hela. Ndugu yangu, hapo huna kesi ya kumlazimisha, na yeye vilevile hana ya kukulazimisha wewe. Mlango uko wazi pande zote mbili, hilo ndilo la kushika. Hata yule wa Jumatatu hana haki yoyote juu ya nyumba yako mpaka asaini.

Mnunuzi yeyote atakayefuata, au huyu huyu akirudi, anzeni na mkataba wa awali kwa wakili. Alipe asilimia 10 kwenye akaunti, si mkononi, na kiandikwe kifungu kwamba akijitoa bila sababu ya hati, hela hiyo inabaki kwako. Mtu aliyeweka milioni tisa hashiki kalamu na kuilaza tena.

Suala la barabara limalizeni kwa karatasi. Kama mkanda wa hifadhi haukugusi, michoro ya mipango miji na alama za TANROADS zitasema, na upekuzi ameshaufanya. Maneno ya mtaani yasishushe bei.

---

DerevaMstaafu

Asanteni sana. MamaHesabu, risiti za saruji zipo chache, zimefifia hata tarehe hazisomeki. Tumeandika namba na mama watoto, siitaji humu kwa sababu sijui nani anasoma. Ni juu ya 79.

ZamaniDalali, umenishitua. Habari za Uyole nilimwambia dalali mwenyewe, tukiwa tunakunywa kahawa baada ya jumuiya. Nilikuwa namsimulia kama mwenzangu.

KaraniMstaafu, nimekuelewa. Nilikuwa nimeshikilia kesi kwa hasira tu.

Kesho napiga Uyole.

---

MpembaReading

Assalaam alaykum. Mie niko Uingereza, mji wa Reading, na haya ya bwana Dereva yamenikuta huku huku, kwa watu wenye sheria zao na makaratasi yao. Msidhani ni ujanja wa Kimara.

Hapa England mkikubaliana bei, hakuna kilichofungwa mpaka mawakili wa pande mbili wabadilishane mikataba iliyotiwa saini. Hapo ndipo mnunuzi anaweka amana, mara nyingi asilimia 10, na ndipo anapoumia akikimbia. Kabla ya hapo ni miezi ya kungoja. Basi wapo wanaongoja asubuhi ile ya kubadilishana, wewe ushafunga maboksi, ushalipia gari la kuhamia, na ile nyumba unayokwenda kununua nayo ina mtu anayekungoja wewe, naye ana wa kwake. Mnyororo mzima unakutazama. Hapo ndo simu inalia: mnunuzi anataka kupunguza. Scotland wana utaratibu mwingine, wao makubaliano ya barua za mawakili yakishakamilika yanafunga, mchezo huu haupati nafasi kubwa.

Sisi alituambia paa bovu. Mke wangu alikuwa anataka kumtukana kwa Kipemba na Kiingereza kwa pamoja. Nikamwambia wakala, sawa, niletee ripoti ya mkaguzi, ukurasa wenye habari ya paa, na makisio ya fundi. Nisiambiwe "paa bovu", niambiwe vigae vingapi na pauni ngapi. Zikaja. Kilichokuwa na karatasi tukakipunguza, kisicho na karatasi tukakikataa, na tukamwambia hivyo kwa maandishi, mistari minne, bila ya hasira. Akanyamaza siku mbili tatu, akanunua.

Nakushauri ufanye vile vile na huo ufa. Muite fundi wako mwenyewe, akupe bei kwa kalamu. Utashangaa milioni 16 inavyokuwa ndogo ikishapita kwa fundi.

Na jambo la usingizi: mimi nilimwambia wakala asinipigie, aandike. Sauti ya mtu inakutia papara. Maandishi unayasoma ukishashiba.

---

Bibi_wa_Mwanga

Nami niseme, maana naona wote mnamwambia akaze. Mimi nilikubali kushushwa. Nyumba ilikuwa Ukonga, tulikuwa na mgonjwa wa figo, kusafishwa damu kunataka hela kila wiki. Mnunuzi alijua na alishusha bila haya. Nilisaini. Nilimchukia kama mwaka mzima, halafu hata hiyo ikaniishia. Baba Neema, hesabu za MamaHesabu ni nzuri, lakini kama namba yenu ingekuwa chini ya 79 na hali inabana, msione aibu kusaini. Aibu ni ya aliyeshusha.

---

MamaHesabu

Bibi, hilo nalikubali kwa mikono miwili.

---

DerevaMstaafu

Wakuu nimerudi, nimechelewa kidogo kwa sababu ya mizunguko ya TRA.

Nilipiga Uyole. Mzee wa kule hana matatizo kabisa, nilikuwa namwogopa bure. Amesema nimpe mpaka mwisho wa mwezi ujao, ila mashine iendelee kusaga kwake na fremu zote mbili azikodishe yeye mpaka nimalize. Nikasema hata ukisaga usiku na mchana, saga.

Mchana nikapita kijiweni kwa dalali, nikamwambia kwa kupitapita kwamba Uyole wameniongezea muda. Sikumwambia mtu mwingine, hata watoto. Kabla ya magharibi simu ikalia, jamaa: "Mzee, nasikia umeongezewa muda." Mama watoto alikuwa anachambua mchele, akaweka ungo chini akacheka mpaka machozi. ZamaniDalali, Mungu anakuona.

Fundi wangu alikuja akabandua lipu pale kwenye ufa. Unaanzia pembe ya dirisha unapanda mpaka kwenye lenta, tofali nyuma ni zima. Kubandua, kuweka wavu, kupiga lipu na rangi ya chumba kizima akaandika 380,000. Karo akasema halina tatizo, limejaa tu, liitiwe gari la kunyonya. Nikampigia picha karatasi ya fundi, nikamtumia jamaa, nikaandika kama alivyosema Mpemba, mistari michache: cha kwenye karatasi napunguza, kingine sipunguzi, na kuanzia leo tunawasiliana kwa wakili.

Jumatatu ikapita. Jumanne kimya. Hiyo Jumanne sitaki kuisimulia, nilifagia uwanja mara tatu. Jumatano akaandika 86. Sikujibu bei, nikajibu "nimepokea". Akapanda 89. Hapo katikati nikamwambia wakili amkumbushe yule mama aliyekuwa ametoa 88 mwanzoni kwa mkopo wa benki, kwamba nyumba bado ipo. Ukweli mkopo ungechelewa, lakini sikusema uongo, nyumba ilikuwepo.

Tumemalizana 92, sawa na tathmini. Ningeweza kung'ang'ania 94, ila namba yetu ya kwenye karatasi ilikuwa imeshavukwa na mama watoto aliniangalia nikaelewa. Kabla ya chochote ameweka asilimia 10 kupitia kwa wakili, na kifungu cha kujitoa kimo. Fomu za ardhi za kuhamisha umiliki, namba 29, 30 na 35, zote zimesainiwa, kodi ndiyo nafuatilia, maana bila cheti cha TRA hati haihami.

Dalali nimemlipa asilimia tano yake kama tulivyoandikiana. Mama watoto hakupenda na bado hapendi. Mimi nimeona nikimkata nitakuwa na maneno ya kumwambia, na maneno naye sitaki tena. Akinisalimia naitika.

Kwa kuwa jamaa alishusha, nami nimeshusha: mapazia, mashine ya maji na tenki havimo kwenye bei. Kaandika kwa wakili kwamba amekubali.

---

kijana_wa_Goba

Hongera mzee, nafuta kauli. Tenki ni la lita ngapi, na unauza?

---

DerevaMstaafu

Lita 5,000. Haliuzwi. Nina kijana analeta viazi kutoka Mbeya mpaka sokoni Mabibo, akirudi lori huwa tupu. Linapanda humo na magodoro, na kitanda cha Neema kama kitatoka mlangoni, maana tulikiunga kikiwa ndani.